Ng'ombe Miguu Juu

Kambi ya vipimo, Ugogo, karibu na Dodoma

Kwa dada yangu Zuhura, mkubwa wangu na mwalimu wangu wa kwanza,

Nashika miguu yako kutoka huku kwenye vumbi. Kama karatasi hii inanuka ng'ombe usimlaumu aliyeileta. Huku kila kitu kinanuka ng'ombe, na mimi pia. Mama hajambo? Kifua chake kimetulia, au bado anakohoa huku akiapa kwamba hakohoi? Shemeji mguu wake umepona? Na mtoto ameota meno, au bado anashindana na bibi yake kwa uji? Mimi mzima. Nimekonda kidogo, lakini Ugogo mwaka huu kila mtu amekonda, kwa hiyo hakuna anayenishangaa.

Barua yako niliipata kwa wapagazi waliotoka Mlali kununua mtama. Umeniuliza mambo mawili. La kwanza, nitaoa lini. Hilo tuliache lipumzike, limechoka kuulizwa. La pili, kama ni kweli nimepata kitabu cha Wazungu kinachosema dunia inazunguka, na kama nimeanza kukiamini. Ndiyo, ninacho. Na habari ya kitabu hicho juzi nusura igeuke kuwa habari ya matanga, kwa hiyo weka chini ukili unaousuka, kaa, nikueleze.

Kitabu chenyewe kilikuwa ndani ya sanduku la bwana mpimaji, huyu Mdachi ninayemtafsiria maneno na kumbebea makaratasi. Mchwa wakaingia sandukuni. Wakala jalada, wakala na kurasa zote za mwisho. Bwana alipokiona akakitupa, nami nikakiokota, maana wewe ulinifundisha herufi kwa makaratasi ya kufungia sukari, na tangu siku zile siwezi kuona maandishi yamelala jalalani nikapita. Kidachi changu unakijua: nilikiokota vilevile, barazani kwa watu, na herufi zao nilijifunza juu ya makopo. Ukurasa mmoja hunichukua kutwa. Nusu naielewa, na nusu naiamini tu. Na kwa kuwa mwisho umeliwa, namna ulimwengu utakavyokwisha mimi sijui. Mchwa wanajua.

Lakini dada, hicho kilichobaki! Hakikuandikwa kwa wanazuoni. Aliyekiandika anazungumza na wewe kama jirani aliyeegemea ua. Anasema, ukitaka kulijua jua, usianze na jua, anza na vitu vya jikoni. Matunda yake ya kwao siyajui, kwa hiyo nimeweka yetu: jua likiwa boga kubwa la kupikwa kwa nazi, dunia yetu nzima, na bahari zake, na Pangani, na wewe na ukili wako, ni punje moja ya mtama iliyoanguka upande wa pili wa uwanja. Punje moja! Nayo nyota iliyo jirani yetu ni boga jingine. Unadhani liko wapi boga hilo? Si uwanjani. Si Pangani. Ulichukue uvuke nalo bahari, upite Uarabuni, upite hata kwao Wazungu, uendelee mbele, ndipo uliweke chini. Na katikati hapo hakuna kitu. Giza tu na Mungu.

Niliposoma maneno hayo nilimsomea Kasonda, mnyapara wetu wa hamali, Mnyamwezi mwenye sauti kama ngoma ya maji. Nikaongeza na lile la gari la moshi: kitabu kinasema gari likiondoka leo kwenda juani, lisisimame popote, abiria atazeeka na kufa njiani, na mwanawe naye, na mjukuu wake naye, na bado hawajafika.

Kasonda akafikiri. "Reli yenyewe haijafika Tabora," akasema, "na hao wanataka kwenda juani?"

Nilicheka, lakini Magharibi ilipopita nilitoka peke yangu nikatazama juu. Huku hakuna minazi ya kukuzibia, dada. Mbingu inaanzia miguuni pako. Nikazitazama zile nyota ambazo tangu utoto tuliziona kama chumvi iliyomwagika, nikawaza kwamba kila punje ya chumvi ile ni boga. Nikasema Subhanallah, na sikuweza kusema lingine. Mwambie mwalimu wetu wa chuo cha Kurani asihangaike juu yangu. Mungu wangu hajapungua kwa kitabu hiki. Aliyepungua ni mimi.

Sasa sikiliza yaliyotokea.

Mvua imechelewa. Wagogo wanakitazama Kilimia, kile kikundi cha nyota za majira ya kulima, kama sisi tunavyokitazama. Kimechomoza jioni kama desturi yake, mawingu yakaja nacho, yakakusanyika, yakarudi yalikotoka. Mbegu zimo ndani ya vibuyu zinangoja. Na mtu akikosa mvua hutafuta aliyeifunga. Wakatazama huku na huku, wakaiona darubini ya bwana.

Darubini hii si ile ya nahodha. Ni ya kupimia njia ya reli, imesimama juu ya miguu mitatu, na bwana hutazama kwayo ufito uliochorwa alama, huko mbali, kisha huandika. Lakini mara nyingine huielekeza juu, akalipima jua lenyewe, apate kujua tuko wapi. Hilo la kulielekezea jua chuma halikuwapendeza wazee.

Kambi yetu iko kando ya mto wa mchanga. Mto huo hauna maji ila chini, na anayechimba kisima katika mchanga ule, kisima ni chake, na cha wanawe. Kisima tunachokitegemea sisi na hamali wote ni cha Mzee Ndahani. Ni mtu mrefu, amejipaka udongo mwekundu na mafuta, masikio yake yametobolewa yakaweza kubeba kibweta cha tumbaku. Baba yake aliwatoza hongo ya maji wapagazi wa zamani, na Kasonda hajasahau: "Babu yangu aliacha nguo yake nzuri hapa ili anywe," husema kila akiteka. Lakini sisi Mzee Ndahani hakututoza kitu. Alituambia tu tuteke ng'ombe wakiisha kunywa.

Basi bwana alikwenda Mpwapwa kuonana na wakubwa wake, akasema atarudi mwezi ukijaa. Alipoondoka, Mzee Ndahani akaja kambini.

"Mbukwa, Hemedi," akanisalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, baba."

"Hicho kitu chenu kinakunywa mawingu?"

"Hakinywi kitu, baba. Kinatazama tu."

"Hata fisi huanza kwa kutazama," akasema.

Dada, hapo ndipo elimu yangu ya nusu kitabu ilipopanda kichwani. Nikajiona mimi ndiye wa kuwafungulia watu macho. Nikasema, "Njoo, baba, utazame mwenyewe." Nikaigeuza darubini, nikaielekeza kule kilimani ng'ombe wake walikokuwa wakilisha, nikamwekea jicho lake mahali pake.

Sikukumbuka jambo moja. Darubini hii huonyesha vitu kichwa chini. Bwana amezoea, mimi nimezoea. Mpimaji hajali fito kusimama kwa kichwa, mradi azisome alama zake. Lakini Mzee Ndahani hakuona fito. Aliona ng'ombe wake wote, mmoja mmoja anamjua kwa jina, wamelala chali angani, miguu juu.

Hakupiga kelele. Ingekuwa nafuu. Alirudi nyuma polepole, akanitazama kama mtu anayetazama nyumba yake ikiungua.

"Nilikuwa kijana ilipokuja sotoka," akasema. "Bonde lote hili, hivyohivyo. Matumbo yamevimba, miguu juu. Baba yangu alikufa kwa kuwaona. Nikatafuta ng'ombe mmoja mmoja maisha yangu yote nisione tena vile. Leo wewe umenionyesha."

"Baba, ni kioo tu! Wako wazima, watazame kwa macho yako, wale pale!"

"Leo wazima," akasema. "Hicho kimeiona kesho yao."

Akateremka mtoni. Jua lilipokuwa likitua, mdomo wa kisima ulikuwa umezibwa kwa matawi ya miiba, na huku matawi yale ni zaidi ya kufuli. Mwenye kisima akiisha kuyaweka, asiye mwenyewe akiyagusa amegusa damu.

Kasonda alipopata habari alishika kichwa. "Wewe msomi wewe! Umemwonyesha Mgogo ng'ombe mfu. Ungemtukana mama yake ingekuwa nafuu, angekupiga rungu moja tukaendelea kunywa."

Tukaanza kwenda kuteka maji mbali sana, hamali wakitoka alfajiri na kurudi jua limekuwa kali, maji yenyewe tope. Lakini kiu haikuwa hofu yangu, dada. Hofu yangu ilikuwa mwezi. Kila jioni naukuta umenenepa kidogo, na ukijaa bwana anarudi. Akikuta maji yamefungwa hatauliza habari za miguu juu wala miguu chini. Atapeleka mtu bomani, na askari watakuja. Nimeliona jambo hilo mahali pengine tulipopita, mwaka juzi, kwa ajili ya neno dogo kuliko hili: nyumba za tembe zinafuka moshi, ng'ombe wanaswagwa barabarani, na wanawake wamekaa kimya kando. Mzee Ndahani angepoteza ng'ombe wake kweli, kama alivyowaona. Kisha watu wangesema darubini ilitabiri. Nami ndiye niliyemwita aje atazame.

Hamali vijana walitaka kwenda kuiondoa miiba kwa nguvu. Nikawaambia anayekwenda ajue anafanya kazi ya askari bila mshahara wa askari. Kasonda akakaa njiani na fimbo yake, hawakwenda.

Mimi nikarudi kitabuni, maana kitu kilichonitia shimoni nilitaka kinitoe. Nikatafuta picha, maneno baadaye. Nikaikuta: mshumaa umechorwa, mbele yake kioo chenye tumbo kama dengu, na upande wa pili mshumaa uleule, moto chini. Nikasoma ukurasa ule kutwa nzima. Kioo kimoja chenye tumbo, kikiisha kukusanya nuru, huipindua. Weka kingine nyuma yake, kitapindua kilichopinduliwa. Basi! Darubini ya bwana haina kosa, imepungukiwa na kioo kimoja tu, na bwana aliacha kambini kioo chake cha mkono, chenye tumbo, cha kusomea ramani.

Lakini chini ya picha ile palikuwa na neno jingine lililonifanya nikifunge kitabu nikae nacho magotini. Linasema jicho la mtu nalo ni kioo chenye tumbo. Ndani ya jicho kila kitu kiko miguu juu: miti, watu, milima. Ni akili ndiyo inayokaa humo ndani kama mtumishi asiyelala, ikivisimamisha kimoja kimoja, tangu siku tunazaliwa, na hatujapata kumshukuru. Hebu fikiri, dada. Hujapata kumwona Mama ila miguu juu.

Nikajaribu kwanza kwa Kasonda. Nikamsimamisha mbali, nikashika kile kioo cha mkono nyuma ya darubini, nikarudi hatua, nikasogeza mbele, nikasogeza nyuma, mpaka ghafla nikamwona, mdogo kama sisimizi, katikati ya kioo, kichwa juu. Nikamwambia ni mara ya kwanza kumwona amesimama wima tangu siku ile ya pombe ya mtama. Akanitukana kwa Kinyamwezi, nikajua mambo yameanza kupoa.

Nilikwenda kwa Mzee Ndahani bila viatu, nikakaa nje ya zizi, nikangoja mpaka akaona haya kunipita.

"Unataka maji," akasema.

"Nataka kuwasimamisha ng'ombe wako, baba. Niliwapindua mimi."

Akatafuna tumbaku muda mrefu. Kwao aliyepindua ndiye apinduaye tena. Mwingine hawezi kumfanyia. "Hilo ni neno la mtu kamili," akasema mwisho.

Wakaja Alasiri, yeye na mkewe Mama Mbeleje, mwanamke mfupi mwenye macho ya kunguru. Nikaweka kila kitu mahali pake. Mzee akakataa kutazama. Akasimama ameipa darubini mgongo. Mkewe akamtazama, akanitazama mimi, akasonya, akaja yeye.

Akafumba jicho moja, akainama kiooni.

"Wamesimama," akasema.

"Wote?" mumewe akauliza, bado amegeuza mgongo.

"Wote. Na yule mweupe wako, mwizi yule, anakula mabua yangu ya kupikia! Ndahani! Nilikuambia umfunge!" Akaiacha darubini na kukimbia, kelele zake zikimtangulia, na kweli baada ya kitambo tukamwona kule mbali, kwa macho yetu, anamfukuza ng'ombe mweupe kwa ufagio.

Hapo ndipo Mzee Ndahani alipokuja. Akainama, akatazama. Akatazama sana, midomo yake ikitaja majina. Kisha akaniambia niondoe kioo cha mkono. Nikaondoa. Akaweka jicho, akawaona wamepinduka. Akaniambia nikirudishe, wakasimama. Mara ya tatu akacheka kwa pua.

"Kwa hiyo mgonjwa ni hiki," akasema, akiipiga darubini kofi dogo. "Ng'ombe wangu wazima."

"Ndivyo, baba."

"Na bwana wako hana hicho kioo cha pili akipima?"

"Hakitumii."

"Basi nchi yetu yote anaipima ikiwa miguu juu." Akatikisa kichwa kwa huruma kabisa. "Ndiyo maana."

Sikumuuliza ndiyo maana ya nini, dada. Maneno mengine mtumishi hayatafsiri.

Nilidhani yamekwisha. Lakini yeye aliinua mkono, akaonyesha juu. Nusu ya mwezi ilikuwa imekwisha kutoka, nyeupe, jua bado lipo. "Na ule?"

Nikaielekeza darubini. Kioo cha mkono sikukiweka, maana mwezi hauna miguu. Nikatazama mimi kwanza kuuweka sawa, na ingawa picha yake nimeiona kitabuni nilisahau kuvuta pumzi. Kitabuni ni wino. Hapa ulikuwa pale, umeviringana kama boga, nusu yake gizani, umening'inia bila kamba, na pale ambapo nuru inakutana na kiza mashimo yamejipanga, kila shimo na kivuli chake, ungedhani unaweza kutia kidole. Nikampisha.

Dada, sijui nikuambieje alivyotazama. Mwezi hutembea, ukatoka kiooni. Nikausogezea, akatazama tena, ukatoka, nikasogeza.

"Kuna mashimo," akasema.

"Yapo, baba."

"Ni visima?"

"Kitabu kinasema ni makavu."

"Yote?"

"Yote. Kinasema huko hakuna maji, hata tone. Hakuna mto, hakuna wingu. Haijapata kunyesha."

"Ng'ombe?"

"Hakuna. Wala mtu."

Kisha, jicho bado liko kiooni, akauliza polepole, "Nani aliwafungia?"

Nilitaka kumweleza kama kitabu kinavyoeleza. Hakunisubiri.

Akasimama. Udongo wake mwekundu umebaki pale kwenye kioo, duara la jicho lake. Akautazama mwezi kwa macho matupu, akautazama mto, akateremka. Tukamfuata kwa mbali mimi na Kasonda. Akayaondoa matawi kwa mikono yake, moja moja, miiba ikimchoma, akayatupa kando. Akashuka ndani, akateka kibuyu cha kwanza, akampa Kasonda, yeye kwanza, Mnyamwezi.

"Kunyweni," akasema. "Nimeona nchi iliyofungwa maji. Mimi sitaki kuwa mzee wa nchi kama ile."

Kasonda akanywa mpaka maji yakamtiririka kifuani, na, ajabu, hakumtaja babu yake.

Tulipokuwa tukipanda, Mzee Ndahani akaniita. "Hicho kitabu chako, kinasema mvua lini?"

"Hakijui, baba. Kinajua uzito wa jua, lakini mvua ya hapa hakijui."

"Basi ni kama wageni wote," akasema. "Habari zake ni za mbali."

Bwana alirudi mwezi umejaa, na alikuja na askari, maana wakubwa wake walimpa walinzi wa njiani. Wale askari walikwenda moja kwa moja kisimani, wakanywa, wakanawa nyuso, wakamwambia mzee ahsante. Niliwatazama wakipangusa midomo yao, nikakaa juu ya sanduku. Bwana akaiangalia darubini yake, akaona lile duara jekundu.

"Hemedi, hii nini?"

"Udongo wa Ugogo, bwana," nikamwambia. "Unaingia kila mahali."

Mvua mpaka leo bado, lakini hakuna anayeisingizia darubini. Kila Alasiri wanakuja watu kuomba kuonyeshwa nchi kavu ya juu, wakiisha kutazama wanateremka kunywa maji hata wasio na kiu.

Nisalimie shemeji, mwambie mguu usipoungwa vizuri haufai hata mwezini. Mpe salamu mwalimu wa chuoni na lile neno la kupungua kwangu. Umbusu mtoto, meno au bila meno. Na usininung'unikie tena kwamba barua zangu zinachelewa: kitabu kinasema nuru ya nyota nyingine tunayoiona leo iliondoka kwao kabla bibi yetu hajazaliwa, na bado inafika, na bado inasomeka.

Na Mama, usimsomee haya yote, atasema nimerogwa. Msomee hili tu: kwamba nimejua sasa kuwa tangu kuzaliwa nimekuwa nikimwona miguu juu, na kila siku, bila kujua, nimekuwa nikimsimamisha. Huku nilipo simwoni kabisa. Lakini kila asubuhi namsimamisha.

Ni mimi mdogo wako,
Hemedi, mwenye kitabu kisicho na mwisho